Tuuzieni sola kwa uniti, hizo wati hazitusaidii

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu hizi sola tunazouziana. Mimi ni fundi umeme huku Sengerema, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kufunga sola majumbani na madukani mpaka visiwani kwa wavuvi, sasa ninachokutana nacho kinachosha jamani. Mteja anapiga simu, fundi njoo unifungie nimeshanunua kila kitu, ukifika unakuta paneli ya wati 300, betri hata haieleweki ni ya nini, inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, imeandikwa wati 2000 kwa maandishi makubwa ya dhahabu, na mwenye nyumba ameshapanga hapa friji, hapa TV, hapa feni, na pasi jioni. Ukimuuliza nani alikupigia hesabu anakwambia muuzaji kasema hii ni sola ya wati 300 inabeba nyumba nzima.

Sasa "sola ya wati 300" inakwambia nini? Wati 300 ni zile ambazo paneli inatoa saa sita mchana jua likiwa limewaka kweli kweli, na hata hapo paneli ikishapata moto inashuka kidogo. Haikwambii saa tano usiku utakuwa umebaki na nini. Na umeme wa sola watu wengi tunautaka usiku, mchana wengine tuko shamba wengine ziwani.

Kila mtu aliyewahi kununua LUKU anajua uniti, hata bibi yangu anajua uniti. Uniti moja ni kifaa cha wati 1000 kikiwaka lisaa limoja, au taa ya wati 10 ikiwaka masaa mia moja. Basi hesabu ya sola ifanywe hivyo hivyo. Paneli ya wati 300 kwa jua letu, ukihesabu masaa matano ya jua kamili kwa siku nzuri na ukatoa kinachopotea njiani kwenye waya, kontrola (kale kadude kanakosimamia chaji toka paneli kwenda betri), betri na inveta, inakupa uniti moja na kitu kidogo juu. Masika mawingu yakikaa siku nzima hata hiyo hupati. Nyie wauzaji mngekuwa mnamwambia mteja hivyo tangu dukani, hii ni sola ya uniti moja kwa siku, nani angenunua akitegemea friji na pasi?

Ngoja nitoe mfano wa mama mmoja muuza soda na maji ya baridi, sitaji kijiji. Alikuwa na taa nne za wati 7, TV ya inchi 32 na king'amuzi chake, feni moja ya kulalia na kifriji kidogo cha kawaida. Tukakaa chini na kalamu. Taa zikiwaka masaa matano ni kama robo ya nusu uniti, TV na king'amuzi masaa hayo hayo ni robo na kidogo, feni usiku kucha inakaribia nusu uniti, jumla hata uniti moja haifiki. Alafu friji. Friji peke yake inakula karibu uniti moja kwa siku, na ikiwa ya biashara mlango unafunguliwa kila dakika na soda za moto zinaingizwa kila asubuhi inapita hapo. Yaani friji moja imekula kuliko vitu vingine vyote vya nyumba, na ndo kitu ambacho muuzaji alimwambia "hicho kidogo mama, kitabebwa tu".

Ndo maana kila siku nawaambia wateja wangu, kabla hujaingia dukani amua kwanza habari ya friji. Bila friji, yule mama paneli ya wati 300 na betri moja nzuri ya lithiamu ya volti 12 ampea 100 (kwenye betri inaandikwa Ah, yaani ampea kwa masaa) ingemtosha bila presha. Na friji anataka paneli wati 600 hivi na betri ya ukubwa mara mbili, na inveta ya pyua saini, ile inayotoa umeme laini kama wa nguzo, yenye nguvu ya kutosha kwa sababu kompresa ya friji ikiwa inaanza inavuta mara tatu au nne, mara nyingine hata zaidi, ya wati zilizoandikwa nyuma yake. Kuna na friji za volti 12 au 24 zinazotumia umeme wa betri moja kwa moja, bei yake inauma lakini zinakula nusu au hata chini ya nusu, kwa biashara ya vinywaji huku kusikofika nguzo mimi ningeanza nazo.

Betri sasa. Hapa ndo hela za watu zinapotelea. Betri ya ampea 100 ya volti 12 ina uniti moja na robo kasoro kidogo, lakini kama ni ya risasi, iwe ya maji au hizi kavu za jeli, hutakiwi kuimaliza, ukivuka nusu kila usiku unaiua, kwa hiyo hesabu nusu uniti na kidogo basi. Ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 na zaidi bila wasiwasi. Ya risasi ukiichosha kila usiku mwaka mmoja na nusu miwili imechoka, ya lithiamu nzuri inapiga mizunguko elfu mbili na kuendelea, sasa ukigawanya bei kwa miaka utaona ipi rahisi. Na joto ni adui, betri ya risasi ukiiweka chini ya bati kwenye kastoo kasiko na dirisha unaipunguzia maisha karibu nusu. Betri ya gari naomba tusiitaje kabisa, ile imetengenezwa kuwasha injini na sio kuendesha TV mpaka taarifa ya habari iishe.

Ujanja mmoja wa kujua betri ya risasi ya uongo, beba. Ya ampea 100 ya kweli inakaribia kilo 30, risasi ni nzito haina njia ya mkato, ukiinyanyua kwa mkono mmoja huku unaongea na simu jua humo ndani hamna ampea 100. Ya lithiamu ni nyepesi kweli, kilo kumi na kitu, kwa hiyo ya aina hiyo usiipime kwa uzito.

Na paneli ipime kwa tepu. Jua likiwa kali sana linashusha kama wati 1000 kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za sasa zinabadilisha kama asilimia 20 hivi, kwa hiyo mita moja ya mraba inakupa wati 200 na kitu. Paneli ya mita moja kwa nusu mita ikiandikwa wati 300 huyo kakudanganya mchana kweupe. Zile taa za nje zinazoandikwa "1000W" zikiwa na kipaneli cha ukubwa wa daftari ndo usiseme, na watu wananunua kwa sababu ya ile namba.

Kuna wizi mwingine wa kimya kimya ambao hata mafundi wenzangu wengi hawaujui au wanaujua wananyamaza, nao ni kontrola. Paneli hizi kubwa za sasa zinatoa volti 30 na zaidi. Ukiiunganisha kwenye betri ya volti 12 kupitia kontrola ya bei rahisi ya PWM, ile kontrola haibadilishi volti, inapitisha ampea tu. Paneli ya wati 300 ina kama ampea 9, zidisha kwa volti 13 za betri unapata wati 117. Mteja kalipia wati 300 anapata 117, zingine zimeishia juu ya bati, na hajui atajuaje? Anaambiwa betri mbovu anaongeza betri. Dawa yake ni kontrola ya MPPT ambayo inashusha volti na kuongeza ampea, au ununue paneli zile ndogo za volti 18 zilizotengenezwa kwa betri ya volti 12. Angalia nyuma ya paneli pameandikwa Vmp, ndo volti za paneli ikiwa kazini, huhitaji kuwa injinia. Na uwe makini, kuna kontrola zimebandikwa "MPPT" kwenye kava na ndani ni PWM ile ile, ikiwa bei ni ya kutupa basi jibu unalo.

Sasa nije kwa ndugu zangu mliopitiwa na nguzo ya TANESCO mkaniita niwafungie sola "ili nisilipe umeme". Kijijini kuvuta umeme kwa mpango wa REA, ule wa umeme vijijini, ni shilingi 27,000. Mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, wa kawaida 292, bei hizi ni za tangu 2016. Kwa uniti ya shilingi mia sola hairudishi hela yake, betri itakufa kabla. Nikisema hivi najiharibia biashara lakini ukweli ni huo. Kwako wewe sola ni ya kukata kero ya umeme kukatika, na tunaikumbuka vizuri ile ya mgao wa 2023 kabla ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kuwashwa Februari 2024. Bwawa limekuja na megawati zake 2,115 lakini nguzo ikianguka na mvua kijiji kinalala giza vile vile. Kwa hali hiyo anza na inveta na betri tu, betri inachajiwa na umeme wa TANESCO wenyewe, ukikatika inapokea. Paneli utaongeza ukipata hela. Ila hizi inveta kubwa za kilowati 5 zina tabia ya kula hata kama hujawasha kitu, wati kama 50 usiku na mchana, hiyo ni zaidi ya uniti moja kwa siku, kwa nyumba ya taa tatu ni kujitafutia hasara.

Kwa wafanyabiashara niseme haraka haraka. Kinyozi sola inamfaa sana, mashine yake inakula wati 10 mpaka 15, weka taa na redio umemaliza. Dada wa saluni mwenye drayer la wati 1000 na kitu, kaa na TANESCO. Mashine ya kusaga usiniite kwa sababu hela ya paneli zake hatutaelewana. Lakini mkulima wa nyanya na vitunguu anayemwagilia kwa pampu ya petroli, wewe ndo mtu wangu, pampu ya sola inafanya kazi mchana bila betri hata moja, inajaza tenki jua likiwepo na jioni unafungulia maji. Hamna betri hamna cha kufa, na hela ya petroli ya kila wiki inabaki mfukoni. Kuna na wavuvi wa dagaa walioacha karabai za mafuta ya taa wanatumia taa za LED wanazochaji kwa sola mchana, wale nao hesabu zao zimekaa vizuri.

Hizi za lipa kidogo kidogo sizipingi, zimewapa taa watu ambao wasingeweza kutoa hela yote kwa mkupuo. Ila jumlisha kabla ya kusaini. Buku moja kwa siku kwa miaka miwili ni laki saba na elfu thelathini, bado kianzio, kwa hela hiyo unapata kitu kikubwa zaidi ukinunua keshi, na uulize ukichelewa kulipa wanazima baada ya siku ngapi na betri ikifa ndani ya mkataba nani anabadilisha.

Mafundi wenzangu msininunie lakini na sisi tuna yetu. Inveta ya wati 1000 kwenye volti 12 inavuta ampea 90 mpaka 100, nimekuta mtu kaifunga kwa waya wa milimita 2.5 wa nyumba, bila fyuzi, betri iko chini ya kitanda cha watoto. Huo ni moto unasubiri siku. Mzigo ukiwa mkubwa panda volti 24 au 48, waya uwe mnene na mfupi, fyuzi karibu na betri. Paneli kwetu Tanzania zielekee kaskazini zikiwa zimelala kidogo tu ili mvua izioshe, na kivuli kiepukwe kuliko hata huo mwelekeo, tawi la mwembe likifunika kona ya paneli moja, zote zilizoungwa nayo zinadorora. Na mteja uliza leseni ya fundi kutoka EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, usione aibu, mimi nikiulizwa natoa.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Kwenye risiti andikeni mistari mitatu, sola hii inatoa uniti ngapi kwa siku ya jua la kawaida, betri inabeba uniti ngapi za kutumia bila kuiua, na inveta inabeba wati ngapi mfululizo na ngapi kwa kuwasha friji. Wekeni mhuri. TBS, watu wa viwango, nao kama wanaweza kulazimisha hiyo iandikwe kwenye boksi kwa Kiswahili itakuwa vizuri zaidi. Na mteja kama duka halitaki kukuandikia hayo, chukua hela yako nenda duka la pili.

Fundi umeme,
Sengerema, Mwanza