Barua ya wazi kwa mbunge wangu: tuachie AM kwenye magari

Mheshimiwa Mbunge, salaam.

Mimi ni dereva wa teksi hapa Newark, New Jersey, na mpiga kura wako. Nakuandikia kuhusu mswada unaotaka kila gari jipya liwe na redio ya AM (masafa ya kati), ule ambao maseneta Ed Markey na Ted Cruz waliupeleka Bungeni mwaka 2023. Hao wawili, mmoja wa Democratic na mwingine wa Republican, hukaa mkeka mmoja kwa nadra sana.

Mwaka jana nilinunua gari la umeme. Jioni ile ile nikatafuta 660, nikakuta FM tupu. Muuzaji akacheka: "Siku hizi nani anasikiliza AM?"

Mimi hapa.

660 ni WFAN, redio ya michezo ya New York. Ilianza tarehe 1 Julai 1987, saa tisa alasiri, kwenye 1050, na sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya Suzyn Waldman. Wengi waliibeza: michezo saa 24, usiku wa manane wataongea nini? Oktoba 1988 ikahamia 660, palipokuwa pa WNBC. Hiyo WNBC ilizaliwa 1922 kwa jina la WEAF, na mwaka huo huo ikarusha tangazo la kulipiwa la nyumba za ghorofa za Queens, ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza redioni. Kumbe matangazo yanayonichosha kila siku ni watu wa nyumbani pale!

Mitambo iko High Island, kisiwa kidogo cha Bronx, wati 50,000. Usiku ndipo utamu ulipo: mawimbi ya AM hupanda, yakagonga tabaka la juu la anga, yakashukia mamia ya maili mbali. Nikirudi bila abiria kutoka Buffalo saa nane za usiku, sauti hufifia, humezwa na mikwaruzo, halafu ghafla huyo shabiki wa Mets, timu ya besiboli ya New York, anafoka kwenye simu kama kadhulumiwa shamba, kisa kocha kamtoa mrushaji mapema. Namkumbuka marehemu baba, Tabora, akiigeuzageuza redio ya betri dirishani aipate Simba na Yanga.

Watengenezaji wanasema mota za umeme huleta mikwaruzo. Ni kweli, lakini yapo magari ya umeme yenye AM, kwa hiyo dawa ipo, wanakwepa gharama tu. Wanasema pia tutumie simu. Kwenye simu matangazo huchelewa, na kule milimani mtandao hukatika. Tangu 2012 WFAN iko pia 101.9 FM; mjini inatosha, lakini ukishauacha mji nyuma inakukimbia.

Nijibu kwa maandishi, Mheshimiwa: mswada huu unauunga mkono au huuungi? Gari la umeme nimemwachia mama watoto. Teksi bado ni ile kuukuu ya petroli, na siku ukitua uwanja wa ndege wa Newark usiku, panda, 660 itakuwa imewashwa.

Wako,
Dereva wa zamu ya usiku, Newark