Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Fedha za Perkins na Watu Wetu Wasiohesabiwa

Ndugu wanachama,

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote hamjambo. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awaeleze wanachama kila mwaka chama kimefanya nini. Hesabu za mweka hazina mmeshazipokea na zina kikao chake. Mimi nitazungumzia kazi, na mwaka huu kazi yetu kubwa ilikuwa moja. Wengi wenu mko katika vyuo vya jamii vya Marekani, wengine walimu wa karakana, wengine washauri wa wanafunzi, wengine maofisa wa ruzuku na wahasibu. Nyote mmekuwa mkiniuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: hizi fedha za serikali kuu za elimu ya ufundi zinagawanywaje, na kwa nini haziwafikii vijana wetu wanaozungumza Kiswahili?

Kwa waliojiunga karibuni, fedha zenyewe hutoka kwenye sheria yenye jina la Carl D. Perkins, mbunge wa Kentucky aliyefariki mwaka 1984, mwaka uleule sheria ya kwanza ya jina lake ilipopitishwa. Sheria imeandikwa upya mara kadhaa. Tunayoitumia sasa, ya tano, ilisainiwa 31 Julai 2018 na kuanza kazi 1 Julai 2019. Kwa nchi nzima inaleta takriban dola bilioni 1.4 kwa mwaka, sekondari na vyuo pamoja. Perkins alikuwa mtu wa milima ya mashariki mwa Kentucky, nchi ya wachimba makaa ya mawe. Leo katika jimbo hilohilo, Louisville na Lexington, Kiswahili unakisikia dukani na kanisani, na watoto wa waliotoka Kivu wanajifunza kuchomelea vyuma na uuguzi.

Sasa mgawanyo. Katika kila dola 100 zinazoingia jimboni, zisizopungua 85 lazima ziende kwa shule na vyuo. Jimbo linaweza kubaki na hadi 10 za shughuli zake za kuongoza na kuendeleza programu, na kama 5 hivi za utawala, ambazo nazo lazima lizitolee kiasi kilekile kutoka fedha zake lenyewe. Kiasi gani kiende sekondari na kiasi gani vyuoni, jimbo ndilo linaamua, na majimbo hayafanani hata kidogo. Lakini fungu la vyuo likishatengwa, hugawanywa kwa kuhesabu kitu kimoja: wanafunzi walio kwenye programu za ufundi wanaopata ruzuku ya Pell, yaani msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, pamoja na wanaosaidiwa na ofisi ya serikali kuu ya masuala ya Wahindi Wekundu. Chuo kizuri hakipati nyongeza kwa uzuri wake. Karakana iliyochakaa haionewi huruma. Na chuo ambacho mgao wake haufiki dola 50,000 hakipewi peke yake, sharti kiungane na wenzake.

Tukae hapa kidogo, maana ndipo tunapopoteza. Chukua mfano tu: jimbo lina wanafunzi wa ufundi 20,000 wenye Pell, na chuo chako kina 400 kati yao. Mgao wako ni asilimia 2. Ukiwa na wengine 100 wanaostahili lakini hawakujaza FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo wa serikali kuu, fedha zao hazikai mahali zikiwasubiri. Zinakwenda kwa chuo cha mji wa pili ambacho kilijaza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi sijaona mahali methali hiyo inapouma kama hapa.

Kwa nini watu wetu hawajazi? Washauri mlioko hapa mnazijua sababu kuliko mimi. Wazazi wengi wanadhani kila fedha ya chuo ni mkopo. Kwa wenzetu Waislamu hapo kuna suala la riba, na mtu anaikataa karatasi kabla hajaisoma. Pell si mkopo, hairudishwi, haina riba, na mkimbizi aliyepokewa kisheria au mtu aliyekwisha kupewa hifadhi anastahili kuiomba kama mwenye uraia. Sababu ya pili ni ya ofisini kwetu wenyewe. Kijana anachukua masomo ya awali ya uuguzi huku kwenye mfumo ameandikwa "masomo ya jumla". Pell anapata, lakini katika hesabu ya Perkins hayumo, kwa sababu hayuko kwenye programu ya ufundi. Kurekebisha jambo hilo ni kazi ya dakika chache kwa mshauri mwenye nia.

Ndiyo maana kamati iliamua kuweka nguvu kwenye jioni za kujaza FAFSA kwa Kiswahili. Wanachama walijitolea baada ya saa za kazi, wengine wakija na watoto wao mgongoni. Idadi ya waliohudumiwa, mji kwa mji, iko kwenye taarifa ya katibu. Ninachotaka kusema ni kwamba palipokuwa na mwanachama mmoja tu anayeeleweka na akina mama wa jumuiya, watu walikuja. Palipobandikwa tangazo peke yake, hawakuja.

Jambo la pili ni kisanduku cha wanaojifunza Kiingereza kwenye fomu za chuo. Sheria inataja makundi tisa yanayostahili kuangaliwa kwa jicho la pekee: wenye ulemavu, wa kipato cha chini, wazazi wasio na wenza, wasio na makazi na wengineo, na hao wanaojifunza Kiingereza wamo. Matokeo ya chuo lazima yachambuliwe kwa makundi hayo. Katika takwimu za rangi, Mkongomani aliyefika juzi na Mmarekani mweusi ambaye babu wa babu yake alizaliwa Georgia ni kitu kimoja. Kisanduku cha lugha ndicho pekee kinachomtoa mwanafunzi wetu gizani. Vijana hawakitii alama. Wanaogopa kurudishwa madarasa ya Kiingereza ya chini, na wengine ni fahari tu, hasa sisi tuliotoka Kenya na tuliofundishwa kwa Kiingereza tangu utotoni. Anayekijua vizuri asijiandike, hilo halina ubishi. Lakini kijana wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa akiacha kujiandika, chuo hakina ushahidi kwamba anahitaji mwalimu msaidizi kwenye darasa la umeme, na bila ushahidi hakuna fedha.

Matokeo yenyewe vyuoni yanapimwa kwa vipimo vitatu: waliomaliza wako wapi robo ya pili ya mwaka baada ya kumaliza, wangapi wamepata cheti kinachotambulika, na wangapi wako kwenye fani ambazo jinsia yao ni wachache. Anayehesabiwa ni mwanafunzi aliyefikisha krediti 12 kwenye programu, au aliyemaliza programu fupi kuliko hizo. Chuo kisipofika asilimia 90 ya lengo kinatakiwa kuandika mpango wa kujirekebisha.

Hapo pana mtego ambao sijausikia ukizungumzwa vya kutosha. Majimbo hutafuta wahitimu kupitia kumbukumbu za mishahara zinazopelekwa na waajiri kwa ajili ya bima ya ukosefu wa kazi. Mtu aliyejiajiri hayumo. Dereva aliyechukua leseni ya malori chuoni kwetu, akanunua lori lake na sasa analipa mikopo ya nyumba mbili, kwenye takwimu anaweza kuonekana kama hana kazi. Aliyehamia jimbo jingine kufuata kiwanda cha nyama naye anaweza kupotea. Mnaijua jamii yetu: tunahama, na tunapenda biashara zetu wenyewe. Kwa hiyo programu inayotusaidia zaidi inaweza kuonekana imefeli. Muulizeni ofisa wa takwimu wa chuo chenu kama jimbo linakubali dodoso au simu kama ushahidi wa ziada. Likikubali, sisi ndio tunaojua namba za hao watu, na ni sisi watakaotupokelea simu.

Kuhusu matumizi nitasema machache, maana wahasibu wetu waliendesha semina nzuri na kumbukumbu zake zipo. Fedha hizi ni za kuongeza juu ya kilichopo, haziruhusiwi kuchukua nafasi ya fedha za jimbo au za chuo. Mwaka huu mwanachama mmoja alitakiwa na wakubwa wake ahamishie Perkins mshahara wa mwalimu ambaye kwa miaka alilipwa na chuo. Alikataa kwa barua, akaambatanisha kifungu. Nampongeza bila kumtaja, ili asipate tabu. Utawala usizidi asilimia 5 ya mgao wa chuo. Mfanyakazi anayelipwa nusu na ruzuku lazima awe na kumbukumbu za muda wake zinazolingana na kazi aliyofanya kweli. Tangu 1 Oktoba 2024 kanuni za ruzuku za serikali kuu zimepandisha kiwango cha kuhesabiwa kifaa kuwa mali kubwa kutoka dola 5,000 hadi 10,000. Msichanganye kanuni hiyo na sera ya chuo chenu, ambayo inaweza kuwa imebaki palepale. Mkaguzi atawashika kwa iliyo kali zaidi.

Halafu kuna mwezi wa sita. Mwaka wa ruzuku unaisha 30 Juni, na vyuo vingi huo mwezi ni mkesha wa Idi sokoni: kila mtu anakimbilia kununua chochote kilichobaki kwenye meza. Fedha isiyotumika inarudi jimboni, kwa hiyo hofu naielewa. Lakini kompyuta zilizonunuliwa kwa hofu ndizo mnazozikuta kwenye maboksi mwaka wa pili. Wakati huohuo sheria inaruhusu waziwazi kuwapunguzia wanafunzi wa makundi yale tisa gharama za mfukoni: ada ndogondogo, usafiri, malezi ya watoto. Mama anayesomea uuguzi msaidizi huacha masomo kwa kukosa wa kumwachia mtoto, wala hakuhitaji kompyuta ya kumi na mbili. Maofisa wa ruzuku wengi wanaogopa kipengele hicho kwa sababu kinataka karatasi nyingi. Mimi naona karatasi hizo zinastahili kuandikwa.

Mwaka wenyewe ulikuwa mgumu. Januari mapokezi ya wakimbizi yalisimamishwa, wakati mwaka wa fedha 2024 Kongo ndiyo iliyoongoza kwa wakimbizi waliopokewa nchini. Mei wizara za Elimu na Kazi zilitiliana saini Wizara ya Kazi ichukue shughuli za kuendesha Perkins, jambo likazuiwa mahakamani, na baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 14 Julai likaendelea. Kwa maofisa wetu maana yake ni kwamba watu waliokuwa wakijibu barua pepe wamebadilika. Sheria haikubadilika. Tarehe 1 Julai fedha za Perkins zilitoka, lakini za elimu ya watu wazima zilizuiwa hadi mwishoni mwa mwezi, na ndizo zinazolipia madarasa mengi ya Kiingereza tunayowapeleka watu wetu kabla ya ufundi.

Lililotuumiza zaidi lilikuja Julai hiyohiyo. Wizara ya Elimu ilifuta barua yake ya mwaka 1997, iliyokuwa ikiiweka elimu hii nje ya masharti ya uhamiaji, na kutangaza kwamba elimu ya ufundi ya vyuoni inayolipiwa na Perkins ni huduma ya umma inayohitaji hadhi fulani ya uhamiaji. Majimbo kadhaa yalikwenda mahakamani, na Septemba mahakama ya serikali kuu kule Rhode Island ikazuia kwa muda utekelezaji kwa majimbo yaliyoshtaki. Simu zilizoingia kwangu wiki zile zilikuwa za hofu, na nyingi zilikuwa za watu ambao tangazo haliwahusu. Mwenye grini kadi, mkimbizi aliyepokewa na aliyekwisha kupewa hifadhi wako ndani ya sheria ya 1996 inayotaja wahamiaji wanaostahili huduma za umma. Anayeguswa hasa ni mwombaji hifadhi ambaye kesi yake bado haijaamuliwa, na hao tunao wengi. Msimamo wa kamati ni huu: mwanachama yeyote asimwambie mwanafunzi "huruhusiwi" kwa kusikia redioni. Ulizeni mwanasheria wa chuo, mjue kama jimbo lenu limo kwenye zuio, na jibu mlipate kwa maandishi.

Serikali kuu ilipofungwa kwa kukosa bajeti kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba, sehemu ya pili ya fedha za Perkins za mwaka ilikuwa imeshapitishwa na Bunge mapema. Waliokuwa na maswali ndio waliokosa wa kumuuliza.

Yaliyo mbele yetu ni mawili. Kila miaka miwili chuo hutakiwa kufanya tathmini ya mahitaji, na sheria inakilazimisha kusikiliza wawakilishi wa makundi niliyoyataja. Kwa vyuo vyenu vingi tathmini ijayo ni masika ya 2026. Kila tawi liandike barua sasa kwa mkuu wa elimu ya ufundi wa chuo chake kuomba kiti, likitaja jina la mtu mmoja atakayehudhuria kweli. Mfano wa barua uko kwa katibu. La pili, kuanzia 1 Julai 2026 Pell itafika pia kwenye programu fupi za wiki zisizopungua 8 na zisizofika 15 zitakazotimiza masharti ya asilimia 70 ya kumaliza na asilimia 70 ya kupata kazi. Kozi za malori na uuguzi msaidizi zinaweza kuingia humo, na mtego wa dereva aliyejiajiri utarudi kwa nguvu mpya. Kamati imemteua mhasibu mmoja na mwalimu mmoja walifuatilie na kuleta maelezo kwenye kikao cha Machi.

Mwisho, muda wa katibu msaidizi na wajumbe wawili wa kamati umeisha. Wanaotaka kugombea wapeleke majina kwa katibu kabla ya kikao hicho, wakiwa wamelipa ada ya mwaka. Ningefurahi kuona angalau mgombea mmoja anayetoka kwenye karakana, maana kamati ya sasa imejaa watu wa ofisini, nikiwemo mimi.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti