Mhariri, hiyo siyo bahati mbaya

Mhariri, naomba nafasi kidogo kuhusu ile safu yenu ya briji, ule mchezo wa karata, ile gemu ya "tatu bila turufu" (yaani mchezaji kaahidi kula raundi 9 kati ya 13, na hakuna aina inayokula nyingine). Mwandishi wenu anasema eti mchezaji kaponzwa na bahati mbaya kwa sababu mfalme wa uru alikuwa kwa mpinzani wa kulia. Bahati mbaya wapi jamani, gemu ilishakufa kwenye karata ya kwanza, uru hata haijaguswa!

Hebu tuhesabu. Mkononi ana ree ya kopa na vidogo viwili, mezani (karata za mwenzake zilizolazwa wazi, naye anazicheza yeye) kopa mbili tu tena za hovyo. Raundi za kula kwa uhakika ni ree ya kopa, ree na mfalme wa shupaza, ree na mfalme wa pau, jumla 5. Zinatakiwa 9, kwa hiyo 4 zitoke kwenye uru, na mezani kuna ree, malkia, ghulamu, 10 na 9, yaani hizo 4 anazipata hata akiliwa na mfalme. Sasa hofu ya mfalme inatoka wapi?

Hofu ni kopa. Wapinzani wanazo 8, wa kushoto aliyeanzisha kwa kopa ana 5 na mwenzake wa kulia 3. Jamaa yetu karukia ree palepale, kacheza uru kuelekea mezani, wa kulia kala na mfalme, karudisha kopa, zikamiminika 4. Jumlisha na mfalme, 5, kwaheri.

Angetulia tu awaachie wale kopa mara mbili, ree aitoe raundi ya tatu, yule wa kulia angebaki hana kopa hata moja, ale huyo mfalme wake halafu arudishe nini? Kuachia mara moja haitoshi maana bado anayo moja ya kurudisha. Na kama kopa zingegawanyika 4 kwa 4 wala haidhuru, wanakula 3 na mfalme, tisa zako ziko palepale. Wazoefu wana hesabu ya chapchap: 7 toa kopa zako na za mezani, hapa 7 toa 5, unaachia mara 2. (Ila kama kuna aina nyingine inayotisha zaidi wanaweza kuhamia huko, usijifanye mjanja, kula mapema.)

Ombi langu, safu ijayo chapisheni karata za mkononi na mezani tu, za wapinzani wekeni ukurasa mwingine, tufikirie kwanza kabla ya kuambiwa mfalme yuko wapi.

Msomaji wenu wa kila wiki