Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mtoto njiti ameruhusiwa, nani anamfuatilia?

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia sisi tunaohudumia watoto njiti wodini na kliniki, na ombi letu ni moja: wizara ianze kuwahesabu watoto hawa baada ya kutoka hospitalini, na pawe na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Taarifa za wodi kwa kawaida husema wangapi walilazwa, wangapi walifariki, wangapi waliruhusiwa. Walioruhusiwa ndio wanaopigiwa makofi, na taarifa huishia hapo. Mengi yatakayoamua maisha ya mtoto hujitokeza baadaye, kuanzia wiki ya nne tangu azaliwe hadi siku mwalimu atakapolalamika kwamba hesabu haziingii.

Mwaka 2020 duniani kote walizaliwa takriban watoto milioni 13.4 kabla ya kutimiza wiki 37 za mimba, yaani mmoja katika kila kumi. Wenye hatari kubwa zaidi ni waliozaliwa mapema mno. Uingereza na Ireland waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1995 kabla ya wiki 26. Walipofika miaka sita, asilimia 22 walikuwa na ulemavu mkubwa, 24 wa wastani, 34 mdogo, na 20 hawakuwa na ulemavu wowote. Hatusemi takwimu zako zitafanana na hizo. Tunachosema ni kwamba wenzetu wanazijua zao, na tangu wakati huo wamezitumia kupanga huduma.

Tuanze na macho, maana hapo ndipo ulegevu wa mfumo hujionyesha haraka. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya mtoto wa wiki 28 haijamaliza kuota mishipa ya damu. Akipewa oksijeni kupita kiasi, mishipa husimama kukua. Baadaye retina hiyo yenye njaa huchipua mishipa mingine hovyo, nayo huivuta hadi ibanduke na mtoto apofuke. Si habari mpya: Kate Campbell, daktari wa Melbourne, alihusisha upofu huo na oksijeni nyingi tangu mwaka 1951. Kisha oksijeni ikabanwa mno, na watoto wakafa kwa kuikosa. Leo lengo linajulikana: mtoto njiti aliye kwenye oksijeni abaki kati ya asilimia 90 na 95 kwenye kipimo cha oksijeni ya damu.

Kulifikia lengo hilo ndiko kugumu. Mtungi unatoa oksijeni tupu na hakuna kichanganya hewa cha kuipunguza. Kipima oksijeni ni kimoja, kinahamishwa kitanda hadi kitanda. Na hata pale ambapo kila kitanda kina chake, kengele ya juu, inayolia oksijeni ikizidi, imezimwa, kwa sababu namba 99 humtuliza kila mtu wodini. Kwa mtoto asiyepewa oksijeni, 99 haina neno. Kwa aliyewekewa mipira ya oksijeni puani, ni namba ya kushtua. Kengele ya chini iwekwe kwenye 89 na ya juu kwenye 95, na muuguzi apewe ruhusa ya kupunguza oksijeni bila kumsubiri daktari. Haya hayagharimu hata nusu ya sherehe ya kukata utepe wa inkubeta mpya, na utuwie radhi kwa kulisema hilo.

Uchunguzi wa kwanza wa macho hufanyika wiki nne baada ya kuzaliwa, au mtoto anapofikisha wiki 31 tangu mimba ianze kuhesabiwa, lolote litakalokuja baadaye. Aliyezaliwa na wiki 28 atachunguzwa akiwa na wiki nne, aliyezaliwa na wiki 25 akiwa na wiki sita. Marekani huchunguza waliozaliwa na wiki 30 au pungufu, au gramu 1500 au pungufu. Usiinakili kanuni hiyo kama ilivyo. India huchunguza hadi walio chini ya gramu 2000 au chini ya wiki 34, maana pale oksijeni isiposimamiwa vizuri hata watoto wazito hupofuka. Ugonjwa ukifikia kiwango cha kutibiwa, tiba ya leza au sindano ya jichoni ifanyike ndani ya saa 72.

Sasa tazama mambo yanapoharibikia. Wiki ya nne mara nyingi huangukia siku chache baada ya mtoto kuruhusiwa. Mama ameambiwa arudi kliniki ya macho, lakini kadi haina tarehe wala jina la wa kumwona. Nyumbani mtoto ananyonya, ananenepa, macho yake ni maangavu. Anarudishwa miezi minne baadaye kwa kuwa haufuati uso wa mama yake, na retina imeshabanduka. Kwa makadirio ya mwaka 2010, watoto wapatao 20,000 duniani walipofuka au kubaki na uoni hafifu sana kwa ugonjwa huu katika mwaka huo mmoja. Tarehe ya uchunguzi iandikwe kwenye jalada siku mtoto anapolazwa, na asiye na miadi yenye jina la mtaalamu asiruhusiwe. Ambako madaktari wa macho ni wachache, mafundi waliofunzwa hupiga picha kwa kamera ya retina na daktari huzisoma akiwa mbali. India wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka.

Ubongo una kinga inayoanza kabla ya kuzaliwa. Mama anayetarajiwa kujifungua kabla ya wiki 32 akichomwa magnesiamu salfeti, hatari ya mtindio wa ubongo hushuka kwa karibu theluthi moja. Dozi inayotumika sana ni gramu 4 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 20 hadi 30, kisha gramu 1 kwa saa hadi ajifungue au saa 24 zitimie. Ni dawa ileile ya kifafa cha mimba, iko kwenye kabati lilelile la leba. Haitolewi kwa sababu hakuna aliyeandika kwenye mwongozo wa leba kwamba itolewe, au kwa sababu umri wa mimba haujulikani. Kipimo cha ultrasaundi mapema, kabla ya wiki 24, kingemaliza ubishi huo, na kingesaidia pia kuamua nani apewe sindano za kukomaza mapafu.

Akishazaliwa, kafeini sitreti humkinga asisahau kupumua: miligramu 20 kwa kilo kwa kuanzia, kisha 5 hadi 10 kwa kilo mara moja kwa siku. Watoto waliopewa, walipopimwa tena wakiwa na miaka 11, walikuwa na matatizo machache zaidi ya mwendo na matumizi ya mikono. Mfamasia asome lebo vizuri: miligramu 20 za kafeini sitreti ni miligramu 10 tu za kafeini yenyewe, na hapo ndipo dozi huongezwa maradufu au kukatwa nusu. Huduma ya kangaruu, ngozi kwa ngozi, ni saa 8 hadi 24 kwa siku. Nusu saa wakati wa wageni haihesabiki.

Masikio tutayapitia haraka. Mtoto aliyekaa wodi mahututi zaidi ya siku tano apimwe kwa kipimo kinachosoma mwitikio wa shina la ubongo. Kipimo cha mwangwi wa sikio peke yake hakitoshi, kwani sikio linaweza kuitikia na mshipa wa fahamu usipeleke sauti.

Kliniki ya watoto ina tatizo lake, nalo ni umri. Mtoto aliyezaliwa na wiki 28 amewahi kwa wiki 12. Akiwa na miezi sita kwa kalenda, mtegemee afanye ya miezi mitatu, na uendelee kutoa tofauti hiyo hadi afikishe miaka miwili; huo ndio umri uliorekebishwa. Chanjo hufuata kalenda na hazipunguziwi kitu, lakini tunaona zikicheleweshwa kila siku. Kosa lingine ni la huruma: “Mwache, alizaliwa njiti, atakuja tu.” Ukishatoa wiki zake na bado ngumi haifunguki, au kabla ya mwaka anatumia mkono mmoja tu, huyo hasubiriwi.

Mtindio wa ubongo unaweza kutambuliwa kabla ya miezi sita ya umri uliorekebishwa. Mtoto akiwa na miezi mitatu hadi mitano, mlaze chali akiwa macho, halii, hana kitu cha kuchezea wala kunyonya, umrekodi kwa simu dakika tatu hadi tano. Mtaalamu aliyefunzwa hutafuta mijongeo midogo midogo ya shingo, mabega, viwiko na vifundo. Isipoonekana, mazoezi tiba yaanze hapohapo, uthibitisho utafuata.

Wala usiwasahau waliozaliwa na wiki 32 hadi 36. Hatari ya kila mmoja wao ni ndogo, ila wao ni kama asilimia 85 ya watoto njiti wote, kwa hiyo idadi kubwa ya wanaohangaika na umakini, lugha na hesabu hutoka kwao. Ulizo moja kwenye fomu ya kuandikishwa shule, “alizaliwa na wiki ngapi?”, lingempa mwalimu pa kuanzia.

Tunaomba fungu la ufuatiliaji katika bajeti, muuguzi mmoja kwa kila wodi ya watoto njiti mwenye daftari na simu ya kuwatafuta waliokosa miadi, nauli kwa mama asiyejiweza, na vipimo katika miezi 3, 8, 12, 18 na 24 ya umri uliorekebishwa, kisha kabla ya kuanza shule. Fedha zikitosha kuanza na kimoja, anza na macho. Mazoezi yaliyochelewa mwezi mmoja bado yatamfaa mtoto. Retina iliyobanduka ni mara chache sana kurudisha uoni.

Wako,
Watoa huduma wa watoto njiti