Barua kwa Rehema: umeme wa neva na samaki wetu domodomo

Kirumba, Mwanza
Julai 14

Rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka kanda ya ziwa. Huku tu wazima, mtoto kikohozi kimemwacha, na mama anakuulizia kila nikitaja Songea. Lile swali la mwanafunzi wako limenikaa kichwani: kama neva zinatumia umeme, mbona tukishikana mikono hatupigwi shoti? Ni swali zuri, Mwalimu, usimjibu kwa mkato.

Mimi ningeanza kwa kumwondolea picha ya waya. Katika waya wa shaba, elektroni husukumwa kufuata urefu wa waya. Katika neva wanaofanya kazi ni ioni za chumvichumvi, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, na kazi yao kubwa ni kuvuka utando wa seli, kuingia na kutoka. Ujumbe unakwenda mbele, chumvi inavuka pembeni. Akilishika hilo, mengine yatamfuata.

Nje ya seli sodiamu ni nyingi, ndani potasiamu ndiyo nyingi. Tofauti hiyo inagharimiwa: kuna protini kwenye utando inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana, na kila mzunguko unakula molekuli moja ya ATP, ile inayobeba nishati ndani ya seli. Ndiyo sababu mojawapo ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, unakula karibu asilimia 20 ya nishati yetu tukiwa tumepumzika. Potasiamu nayo huvuja kidogo kidogo kwenda nje, na ndani kunabaki chaji hasi. Ukipima unakuta kama milivolti -70 (milivolti ni sehemu moja ya elfu ya volti).

Sasa neva ikichokozwa hadi ikafika karibu -55, milango ya sodiamu iliyo kwenye utando inafunguka kwa ghafla. Sodiamu inamiminika ndani, na kipimo kinaruka hadi milivolti +30 au +40. Haipiti milisekunde moja au mbili, milango hiyo imejifunga, ya potasiamu imefunguka, na ndani kumerudi kuwa hasi. Lakini sehemu ya ile chaji iliyoingia imeshasogea hatua moja mbele na kuamsha milango ya jirani, naye jirani anaamsha wa kwake. Ni kama moto wa nyika wakati wa kiangazi. Kila unyasi unaungua kwa ukavu wake wenyewe, ndiyo maana moto wa mwisho wa mbuga una nguvu sawa na wa mwanzo, na haurudi nyuma kwa sababu ulikotoka pameshaungua. Tofauti ni kwamba neva inakuwa tayari kuwaka tena baada ya milisekunde chache. Na kiberiti kikubwa hakiongezi moto: maumivu makali hayaleti mpigo wa umeme mkubwa zaidi, yanaleta mipigo mingi zaidi kwa sekunde.

Hayo tuliyajua kwa msaada wa ngisi. Ana neva nene mno, hata kufikia milimita moja, na wanasayansi Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliweza kupenyeza elektrodi, kijiwaya cha kupimia umeme, ndani yake. Maelezo yao kamili yalitoka 1952, na Nobel wakaipata 1963. Sisi hatuna neva nene hivyo. Badala yake tumefungiwa mafuta ya mielini kuzunguka neva, yenye mapengo madogo, na mpigo unaruka kutoka pengo hadi pengo, kwenye neva za kasi hadi mita 120 hivi kwa sekunde. Zile nyembamba zisizo na mielini huenda mita moja tu au mbili. Ndiyo maana ukijikwaa unahisi mguso kwanza, halafu ule uchungu wa kufukuta unafuata.

Mwambie pia kuhusu sindano ya ganzi ya daktari wa meno. Lidokeini inaziba ile milango ya sodiamu, basi habari ya jino haifiki ubongoni.

Sasa shoti. Kila seli ina kama sehemu moja ya kumi ya volti, mamilioni yake yanaelekea kila upande, hayapigi kwa pamoja, na yamezama kwenye maji ya chumvi. Kinachofika kwenye ngozi ni kidogo mno. Hata moyo, ambao seli zake hupiga kwa mpangilio, ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, inaupata kifuani kwa milivolti moja hivi.

Lakini ziwani kwetu yupo aliyezipanga! Domodomo, yule mwenye mdomo mrefu ulioinama, ana seli zilizotokana na misuli zimepangwa mfululizo kwenye shina la mkia. Ubongo ukiamuru, zinapiga kwa pamoja na volti zake zinajumlishana. Mkono wako hausikii kitu, ila yeye kwa ngozi yake anahisi mawimbi hayo yanavyopindishwa na vilivyo karibu, hivyo anatafuta chakula usiku kwenye matope. Kambale wa umeme wa mto Nile amezipanga nyingi zaidi, anafikisha hata volti 350, na huyo shoti yake utaijua. Naumia tunapotafuta mifano ya samaki wa umeme kule Amazon wakati domodomo anavuliwa hapa hapa.

Kwa hiyo mjibu kijana: umeme tunao, hatujaupanga mstari. Halafu uniandikie ameuliza nini tena, maana huyo hataishia hapo. Desemba ukija tutakwenda soko la samaki la Mwaloni alfajiri, kabla samaki hawajaisha.

Mpe mama shikamoo yangu.

Wako,
Nyamizi