Msanii apewe jumba la sanaa pamoja na fedha za kununulia kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu habari iliyonifurahisha, kwamba chuo kimoja cha kanda yetu kimemkabidhi mchoraji, ambaye bado anachora na kuuza kazi zake, usimamizi wa jumba la sanaa la chuo hicho. Nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Hofu yangu ni kwamba atapewa funguo, daftari la wageni na stoo, lakini asipewe fedha za kununua hata picha moja.

Hale Woodruff, Mmarekani mweusi aliyeanza kufundisha sanaa Atlanta mwaka 1931, alikuwa mchoraji wa kazi nzito, na michoro yake ya ukutani kuhusu Waafrika walioasi katika meli ya Amistad, aliyoifanya kwa ajili ya Chuo cha Talladega, inamtambulisha hadi leo. Enzi hizo majumba mengi ya makumbusho ya kusini mwa Marekani yaliwafungia milango wasanii weusi. Mwaka 1942 Woodruff alianzisha katika Chuo Kikuu cha Atlanta maonyesho ya kila mwaka yaliyopokea kazi za wasanii weusi kutoka nchi nzima, ambapo kazi zilizoshinda zilinunuliwa na kubaki mali ya chuo. Yeye mwenyewe alihamia New York mwaka 1946, lakini maonyesho yaliendelea hadi 1970, na kazi zilizokusanywa kwa njia hiyo ndizo msingi wa jumba la sanaa la Clark Atlanta, chuo kikuu kilichokirithi kile cha Atlanta, ambamo leo zimo kazi za Charles White, Elizabeth Catlett na John Biggers. Karani mwaminifu angeweza kuzitunza vizuri kazi hizo. Kuzitambua thamani yake wakati waliozifanya bado hawajapata jina kulihitaji jicho la mtu wa fani.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, ilimlea Sam Ntiro wa Kilimanjaro, akawa mwalimu hapohapo na kuiongoza shule ya sanaa baada ya Trowell kustaafu, kabla Tanganyika haijamtuma London kuwa balozi wake. Jumba la sanaa la chuo hicho lilifunguliwa mwaka 1969, shule ikiwa chini ya mchoraji mwingine, Cecil Todd. Humo zimehifadhiwa hata kazi za wanafunzi, jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa, kwa sababu katika vyuo vyetu vingi kazi ya mwanafunzi ikishasahihishwa huachwa ukutani au sakafuni mpaka unyevu na mchwa viimalize.

Najua wapo watakaosema kwamba msanii atawapendelea rafiki zake, au atalijaza jumba picha zake mwenyewe. Hoja hiyo ni ya haki na haifai kupuuzwa. Dawa yake ni kuwa na jopo la majaji wanaobadilishwa kila mwaka, na sharti la maandishi kwamba msimamizi hauzi kazi yake kwa jumba analolisimamia.

Kuna pia suala la muda. Msanii akishughulishwa na vikao na taarifa za robo mwaka kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, baada ya miaka michache ataacha kuchora, na chuo kitakuwa kimepoteza sifa ileile iliyomfanya achaguliwe. Apewe msaidizi wa mambo ya ofisi, naye atengewe siku za karakana ndani ya mkataba, kama mhadhiri anavyotengewa muda wa utafiti.

Naomba uongozi wa chuo hicho uweke katika bajeti ijayo kasma ya kununulia kazi, hata kama itatosha picha mbili tu kwa mwaka, moja ya mwanafunzi na moja ya msanii wa nje, na uitangaze mapema ili wachoraji wa mikoani nao wajiandae.

Mwalimu wa uchoraji,
Tanga