Kupimwa maji si kuthibitishwa kuwa salama

Mhariri,

Habari za uzinduzi wa visima magazetini huwa hazikosi sentensi kama hii: "Maji yamepimwa na hayana vijidudu." Ni kweli tupu. Ila msomaji wa huku Arusha husikia na lisiloandikwa, kwamba maji hayo yananyweka. Hatumlaumu, maana ndivyo watu wanavyozungumza: ukiambiwa wali umeiva, unanawa mikono bila kungoja kualikwa. Maabara haizungumzi hivyo. Iliulizwa habari za vijidudu, ikajibu habari za vijidudu, basi.

Kuzunguka Mlima Meru swali kubwa ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Kwenye maji huyaoni, huyanusi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, ilhali Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Maji yenye miligramu 3, basi, yangeweza kuandikwa kwa haki kabisa kuwa "yamekidhi kiwango", huku yakiwa na mara mbili ya ukomo ule mwingine. Kiwango kisichotajwa namba hakimsaidii mnywaji.

Ushauri wa "chemsha maji" nao una kasoro hiyohiyo. Moto unaua vijidudu lakini hauondoi floraidi. Chemsha lita 10 zenye miligramu 3 kwa lita hadi zibaki 9: floraidi yote imo sufuriani, na sasa kila lita ina miligramu 3.3. Dawa ya klorini nayo haiigusi. (Na magadi ya kulainishia maharage huweza kuongeza nyingine, jambo ambalo hakuna kisima kinachoweza kulaumiwa.)

Panapopotosha zaidi ni kwenye meno. Floraidi nyingi utotoni huacha madoa ya kahawia. Hilo halina ubishi. Lakini wengi huligeuza: meno ya fulani ni meupe, kwa hiyo maji yake ni mazuri. Haifuati. Madoa huingia wakati jino bado linajengwa ndani ya ufizi, na kwa meno mengi ya kudumu kazi hiyo huisha mtoto akiwa na miaka 8 hivi. Aliyehamia Arumeru akiwa mtu mzima anaweza kunywa maji hayo miaka 20 meno yasibadilike, huku mifupa yake ikizidi kulimbikiza floraidi. Vilevile kijana mwenye madoa anatoa ushahidi wa maji aliyokulia, si wa bomba analochota leo.

Hata chujio la mkaa wa mifupa, la kunasa floraidi, likiwepo jikoni, kuwepo kwake hakuthibitishi kwamba linafanya kazi. Mifupa iliyochomwa kwa moto hafifu huyapa maji harufu. Iliyochomwa kupita kiasi hupoteza nguvu ya kunasa floraidi. Na mkaa mzuri nao hushiba. Siku uliposhiba maji yanatoka maangavu vilevile, kwa hiyo dawa ni moja: kupima yanayotoka, mara kwa mara, na kubadilisha mkaa.

Tunaomba waandishi wenu wanapopewa cheti cha maji waulize kimepima nini, namba ni ngapi, sampuli ilichukuliwa bomba gani na lini. Na kama ni vijidudu pekee vilivyopimwa, nafasi ya maneno matatu haikosekani: "Floraidi haikupimwa bado."

Wasomaji wenu,
Usa River, Arusha